Watu Arobaini na Mmoja

Palikuwa na nchi, na kama hujapata kufika huko mshukuru Mungu, ingawa yawezekana unaishi humo humo na hujaambiwa. Nchi hiyo ilijaaliwa amani tele. Amani ilizidi hata ikabidi ijengewe wizara yake, wizara ikajengewa jengo la ghorofa tisa, na jengo likawekewa lifti iliyofanya kazi siku ya uzinduzi. Chini kabisa, nyuma ya jenereta, palikuwa na Bohari ya Maneno ya Serikali. Mtunza bohari alikuwa mama mmoja mtu mzima, mjane, jina lake Bi. Nyamizi.

Msicheke, bohari ile ilikuwa na sababu. Zamani waziri mmoja alikwenda kuandikiana na nchi jirani mkataba wa kisima cha mpakani. Kalamu ilikuwa nzuri, wapiga picha walikuwa wengi, naye akajikuta ameandika "milele" mahali pa "kwa sasa". Kisima kikaenda na maji yake. Tangu siku ile ikatungwa sheria kwamba kila neno la kuingia katika mkataba, itifaki, azimio au hati ya makubaliano liwe na kadi yake, kadi ikae kwenye droo, droo ifungwe kwa ufunguo, na anayelitaka neno aje aliazime kwa fomu, alitumie, alirudishe. Ukiona nchi nyingine zinaandika mikataba kwa maneno ya kujiokotea, ujue hazijaendelea.

Bi. Nyamizi alikuwa ameyalinda maneno hayo kwa miaka thelathini, akayajua kwa tabia zao. Kadi ya "amani" ilikuwa imechakaa kuliko zote, maana ilitoka kila wiki na kurudi na madoa ya chai. "Udugu" na "ushirikiano" zilizoea kutoka pamoja. "Haki" iliazimwa na Wizara ya Sheria miaka kumi na tisa nyuma. Kila mwaka Bi. Nyamizi aliandika barua ya kukumbushia, na kila mwaka alijibiwa kwamba bado inatumika. "Mara moja" ilishika vumbi. Kazi aliipenda, tusimsingizie. Alikuwa mtu wa utaratibu, hajapata kuhamisha kadi hata moja nje ya droo yake, na alikuwa na mtoto mmoja tu.

Huyo mtoto ndiye mkasa wenyewe.

Aliitwa Luhende, mwanamume wa miaka ishirini na sita, mrefu, mwenye maneno mengi, dereva wa gari la maji la jeshi. Miaka mitatu kabla ya haya tunayoyasimulia alitumwa mtoni kuchota maji ya kambi. Askari wa nchi jirani nao walikuwa wamekuja kuchota, wakamchukua yeye, wakachukua gari, na maji hawakuyamwaga. Siku hizo mizinga ilikuwa inalia mpakani asubuhi na jioni, watu wanazikwa. Lakini vita havikuwepo. Mtukufu Kiongozi aliahidi siku ya kuapishwa kwamba chini yake hakutakuwa na vita, na Mtukufu hasemi uongo, kwa hiyo kilichokuwa kinaendelea kiliitwa Zoezi la Kupima Mpaka. Kadi ya "vita" ilitolewa kwenye droo kwa amri, ikachomwa moto mbele ya mashahidi watatu. Bi. Nyamizi alikuwa mmoja wao, na ndiye aliyeleta kiberiti.

Sasa kama vita hakuna, mfungwa wa vita atoke wapi? Jeshi likakaa kikao kumtafakari Luhende. Hakufa, hakutoroka, hakustaafu, na kazini hayupo. Wakaona jibu ni moja tu, amechelewa. Ikaandikwa barua ya onyo, akapewa Koplo Sospeter, mtu mzima mwenye baiskeli na mguu mbovu, aipeleke nyumbani kwa mhusika.

"Mtumishi Namba 4417," barua ilisema, "umeshindwa kuripoti kazini saa moja na nusu asubuhi bila sababu ya msingi. Jirekebishe."

Jina halikuwemo, na halikuwemo kwa heshima. Katika nchi ile jina la mtu linaloruhusiwa kwenye hati ya serikali ni moja tu, la Mtukufu Kiongozi. Wengine wote ni vyeo na namba, na mahali pa saini wanaweka dole gumba.

Bi. Nyamizi aliisoma barua mara mbili, akamtazama aliyeileta.

"Koplo, mwanangu ametekwa. Si ulikuwepo?"

"Nilikuwepo, mama. Nilikuwa nyuma ya jiwe."

"Sasa hii barua ya nini?"

"Mama yangu, mimi naleta tu." Koplo akamsogezea kidau cha wino, macho chini. "Weka dole hapa kwamba umepokea."

Akaweka. Baada ya miezi mitatu ikaja ya pili, kali zaidi, na baada ya mingine mitatu ikaja ya tatu, ikimkumbusha mtumishi kwamba uvumilivu wa jeshi una kikomo. Zilipofika kumi na moja, kopo la biskuti alilokuwa akizihifadhia lilianza kukataa kufunga. Majirani walimshauri azichome. Aliwaambia zile barua ndizo ushahidi pekee kwamba kuna mahali serikalini wanakumbuka kuwa mwanawe anatakiwa awepo.

*

Ukafika wakati Mtukufu akachoka na zoezi, au mizinga ikaisha, wenyewe hawakutuambia. Yakatangazwa mazungumzo. Kwa kuwa huwezi kufanya mkataba wa amani na amani unayo, mkataba uliitwa Mkataba wa Kuendeleza Amani Iliyopo. Ukumbi ulipatikana katika hoteli ya nchi ya tatu, ambako ujumbe wetu ulikwenda na watu thelathini, wapishi wawili, na Bi. Nyamizi na masanduku yake mawili ya kadi, yenye kufuli.

Mkuu wa ujumbe alikuwa Balozi Nkinda, mwanadiplomasia mkongwe aliyekwisha kuleta amani katika nchi nane, ingawa hakuna hata moja ambako ilikuwa imewasili. Siku ya kwanza alisimama, akarekebisha tai, akasema:

"Waheshimiwa, amani si jambo la kukurupukia. Amani isiyo na fasili ni kelele. Kwa hiyo, kabla hatujasitisha chochote, ningeomba tukubaliane kusitisha ni nini, kunaanzia wapi, na kama mtu anaweza kusitisha kabla mashauriano kuhusu kusitisha hayajahitimishwa."

Ukumbi ulipiga makofi, hata upande wa pili walipiga. Wakati huo huo mjumbe mmoja alipigiwa simu na mkewe aliyeko mpakani, na wote waliokaa karibu wakasikia kishindo ndani ya simu. Mjumbe aliomba radhi kwa kuvuruga kikao, akaizima.

Utangulizi peke yake ulikula wiki sita. Mnajua mikataba ilivyo, kabla ya kusema lolote pande husika hutanguliza kutambua, kuzingatia, kuthamini na kuazimia. "Zikitambua" ilipita. "Zikizingatia" ilipita siku ya pili baada ya chai. Kwenye "zikikumbuka" wakakwama, maana kila upande ulikuwa na lake la kukumbuka, na la mwenzake hautaki kulisikia. Msuluhishi, bwana mmoja mpole kutoka nchi ya baridi, alipendekeza zisikumbuke kitu. Mwishowe ikaandikwa "zikijitahidi kukumbuka", wajumbe wakakumbatiana, wakapumzika siku nne.

Bi. Nyamizi alikaa kiti cha nyuma, anatoa kadi na kupokea kadi. Hakuwa na shida na utangulizi, wala ibara ya mpaka, wala ile ibara ndefu ya nani atangulie kuingia mlangoni. Alikuwa anangoja Nyongeza ya Tatu. Nyongeza ya Kwanza ilihusu bendera na ya Pili ilihusu chakula cha mchana cha tume ya pamoja. Ya Tatu ndiyo ilihusu wale walioko kule wanaotakiwa huku, na wale walioko huku wanaotakiwa kule. Ilipotajwa, alisogeza kiti mbele.

"Tunahitaji neno," Balozi Nkinda alisema. "Hawa tuwaiteje?"

"Mateka," alisema msuluhishi, kwa ugeni wake.

Balozi alitabasamu kwa huzuni. Kusema mateka ni kukiri kwamba jeshi letu linaweza kutekwa. "Waliopotea" nayo haikufaa, kwa sababu jeshi letu halipotezi kitu. Mwakilishi wa jeshi akapendekeza neno lililokwisha kuthibitishwa na barua kumi na moja, "wachelewaji". Upande wa pili wakalichukua, wakaligeuza geuza, wakalirudisha.

"Sisi hatuna wachelewaji," alisema mkuu wa ujumbe wao, bwana mnene mwenye sauti tamu. "Tulio nao ni wageni. Na mgeni kwetu huondoka akitaka mwenyewe."

"Basi mbona hawaondoki?" Balozi akauliza.

"Milango imefungwa. Kwa usalama wao."

Walibishana siku tisa. Siku ya kumi Balozi Nkinda alifunga jalada lake, akasema kwamba sherehe ya kutia saini ni Jumamosi, bendi imekwisha kukodiwa, na nyongeza isiyo na neno italazimika kuachwa. Mkataba una nyongeza mbili nzuri tayari, alisema, na hata mikataba mikubwa ya dunia haizidishi.

Bi. Nyamizi alifungua sanduku la pili, droo ya chini kabisa ambayo hufunguliwa siku ya kuhesabu mali tu, akapapasa, akatoa kadi moja nyeupe. Kisha akafanya jambo ambalo hakulifanya kwa miaka thelathini, akanyoosha mkono kikaoni.

"Mheshimiwa, lipo 'watu'."

Wote waligeuka. Balozi aliipokea kadi kwa vidole viwili, akaisogeza mbali na macho yake, akaisogeza karibu.

"Hili ni letu?"

"Letu, Mheshimiwa. Liko kwenye orodha tangu bohari ifunguliwe."

"Halilaumu mtu," msuluhishi alisema polepole.

"Halikiri kitu," mwakilishi wa jeshi alikubali, kwa mshangao.

Yule bwana mnene wa upande wa pili alinong'onezana na wenzake, akasema hawana pingamizi, kwao pia wapo. Balozi akageuza kadi kutazama nyuma, mahali panapogongwa mihuri ya kila safari ambayo neno limetoka. Palikuwa peupe.

"Mama, hili halijawahi kuazimwa."

"Hapana, Mheshimiwa."

"Basi unaijua Kanuni ya Saba kuliko mimi."

Aliijua kwa moyo. Ili kuepusha majaribio, neno ambalo halijawahi kutoka haliwezi kutoka. Balozi alimrudishia kadi kwa upole wote, akatazama saa, akatangaza chakula.

Wenzake walipokwenda kula, Bi. Nyamizi alibaki ukumbini na masanduku yake. Alikaa muda akiitazama ile kadi. Alimkumbuka Luhende alipokuwa mdogo anakuja bohari kumletea chakula, anavuta droo na kuuliza kwa nini maneno yamefungiwa, yamefanya kosa gani. Alilia kidogo, akajifuta kwa khanga. Halafu akachukua muhuri, akaurudisha tarehe nyuma mpaka mwaka aliomzaa mwanawe, akagonga. Pembeni akaandika, "Liliazimwa na Idara ya Sensa." Kwenye safu ya hali ya neno liliporudi akaandika, "Zima." Mwandiko ukatoka mzuri, kwa mazoea.

Wajumbe waliporudi alisema mwanzo aliwaonyesha kadi ya nakala, na halisi ni hii. Balozi aliuona muhuri, akaridhika. Katika nchi ile ukiwa na muhuri hakuna anayekuuliza la pili.

Ibara ikaandikwa saa ile ile. Kwa kuwa wao walikuwa na wetu arobaini na mmoja, na sisi tulikuwa na wao thelathini na wanane, palitokea mzozo mdogo wa usawa wa mataifa. Ukaisha vizuri: kila Upande utaukabidhi Upande mwingine watu arobaini na mmoja.

"Watatu watatoka wapi?" Bi. Nyamizi aliuliza. Alikuwa ameonja kusema, akaona atajaribu tena.

"Watatafutwa, mama."

"Mheshimiwa, hatuwezi kuweka hata namba zao za utumishi?"

"Namba za utumishi ni siri ya jeshi."

"Na majina?"

Kalamu zote zilisimama. Hata msuluhishi, ambaye hakuelewa kosa liko wapi, aliacha kuandika. Balozi Nkinda alimwinamia kama anayeongea na mgonjwa.

"Bi. Nyamizi, mkataba una jina moja. Nao upande wao una moja lao. Tukianza kuandika majina ya madereva tutaishia wapi? Usiwe na wasiwasi, mama. Watakuja walewale. Wengine watatoka wapi?"

*

Jumamosi mkataba ulitiwa saini kwa kalamu mbili zenye urefu sawa. Jina la Mtukufu lilionekana humo mara kumi na moja. Baadaye ukapelekwa bungeni kuridhiwa, na wabunge waliuridhia kwa kusimama mara mbili, mara ya kwanza kabla haujasomwa. Hati ya kuridhia ikapelekwa kuwekwa amana katika nchi ya msuluhishi, na mkataba ukatajwa kuanza kutumika siku ya tisini. Katika siku hizo tisini zoezi la kupima mpaka liliendelea, kwa sababu hakuna aliyeruhusiwa kuanza kusitisha kabla ya tarehe.

Bi. Nyamizi alikuwa anahesabu siku kwa mkaa ukutani jikoni. Alipaka chokaa chumba cha Luhende. Alitoa shati lake la bluu, akalifua ingawa lilikuwa safi, akalipiga pasi, akalikunja ndani ya mfuko na viatu vyake. Koplo Sospeter alipopita alimwambia, "Mama, safari hii sina barua," wakacheka wote wawili.

Siku ya makabidhiano palijengwa hema kwenye daraja la mpakani, bendi ikapangwa, viti vikapambwa vitambaa. Wenye watu wao wa kuwapokea walikaa upande wa jua. Saa nne upande wa pili walifungua kizuizi, watu wakaanza kuvuka, na karani wa kuhesabu akaanza kwa sauti.

Wa kwanza alikuwa ajuza mwenye kuku kwapani. Wa pili na wa tatu walivaa sare za gereza za nchi yao wenyewe. Akafuata mwalimu wa kwaya, bado ana karatasi za nota mkononi, akafuata kijana wa bodaboda mwenye kofia kichwani na pikipiki hana. Wa kumi na saba alikuwa mwanamume mfupi aliyevaa aproni ya kinyozi, ana chanuo mfukoni. Bi. Nyamizi alisimama na mfuko wake, akanyoosha shingo. Kila kichwa cha mtu mrefu kilichotokea alikisogelea kwa macho, na kila mara hakikuwa chake. Upande wetu nao walikuwa wakivuka kwenda kule, muuza machungwa wa stendi, mlinzi wa benki, na mtu mmoja aliyekuja kusikiliza bendi tu, ambaye alikuwa anajaribu kumweleza askari jambo.

"Arobaini na mmoja," karani akatangaza. Bendi ikapiga.

Alimkimbilia Balozi Nkinda kati ya viti.

"Mheshimiwa, hawa sio."

"Sio akina nani, mama?"

"Sio wale. Sio wetu. Mwanangu hayumo, hata mmoja wa wale hayumo."

Balozi aliomba apewe mkataba, akafunua Nyongeza ya Tatu, akasoma kwa kidole. "Watu arobaini na mmoja. Tumehesabu arobaini na mmoja." Akamtazama kwa macho mazuri kabisa. "Kwani hawa si watu?"

Bi. Nyamizi aligeuka kuwatazama. Ajuza alikuwa anamfungua kuku miguu apumzike. Mwalimu wa kwaya alikuwa ameketi chini analia bila sauti. Yule kinyozi alikuwa anauliza kila mtu saa ngapi watarudishwa. Akamgeukia tena Balozi.

"Na wale wageni wao?"

"Wageni hawamo katika mkataba, mama. Nimeuliza. Wanajenga uwanja wa ndege wa kiongozi wao, si vizuri kuwakatiza. Na sisi wageni wetu bado wanamchimbia Mtukufu bwawa." Akamshika bega. "Lile neno lako limetuokoa. Nimeandika kwenye ripoti kwamba halina mfano."

Chini ya hema meza zilikuwa zimewekwa, na wenye mafaili ya uchelewaji wakaitwa mmoja mmoja kwa namba. Ilipoitwa 4417, ofisa wa meza alimwonyesha kinyozi.

"Huyu wako. Dole hapa."

"Sitaki. Huyu nina haki gani naye? Nataka wangu."

Ofisa hakukasirika. Alikuwa amechoka na jua, na alimweleza kama alivyowaeleza waliotangulia. Akimpokea, faili linafungwa kwamba mtumishi amerejea. Akikataa, itaandikwa mtumishi aliletwa na familia ikamkana, kwa hiyo ni mtoro, na mtoro adhabu yake inajulikana, siku yoyote atakayoonekana.

"Faili likifungwa, nani tena atamdai?"

"Hakuna, mama. Atakuwa amekwisha kufika."

Alitazama tena darajani. Nyuma yake foleni ilikuwa ndefu, kina mama wengi, na hakuna aliyemwambia aharakishe. Kisha akachovya dole gumba kwenye wino.

*

Kinyozi aliitwa Tindwa. Alikaa ukingoni mwa kiti sebuleni, mikono magotini, anaona aibu kula. Bi. Nyamizi alimwekea ugali na mchicha, kwa sababu mtu aliyeko nyumbani kwako saa ya chakula anakula.

"Mama, nisamehe," alisema. "Sijui nimekosa nini. Walikuja dukani wanasema wamepungukiwa mmoja. Nimemwacha mteja ananyolewa, nusu bado."

"Una mama kule?"

"Ninaye. Hajui niliko."

Alimmiminia maji. Hakumchukia, na hilo ndilo lililomuuma zaidi, angepata wa kumchukia angepumua.

"Hao wageni wenu," akasema mwisho, "wanaojenga uwanja. Umewahi kuwaona?"

"Nawanyoa mimi, mama. Kila mwisho wa mwezi wananichukua nikawanyoe."

Bi. Nyamizi akaweka jagi chini.

"Yuko mmoja mrefu. Dereva. Ana maneno mengi."

Tindwa aliacha kutafuna. Akamtazama usoni, kisha akatazama ukutani kwenye picha ya Luhende na gari la maji.

"Yule anayesema mama yake ameyafungia maneno ya serikali sandukuni? Sisi tulijua anatutania." Akaliweka tonge chini. "Mzima, mama. Amekonda, lakini mzima. Kila nikimshika kichwa ananiambia, ndugu yangu fanya haraka, nimechelewa."

Hapo Bi. Nyamizi alilia kwa sauti, na yule mtu mgeni, asiyejua afanye nini, alisogeza kiti karibu, akalia naye.

Hawajamaliza, hodi. Alikuwa Koplo Sospeter na baiskeli yake, hataki kuingia ndani. Alinyoosha mkono wenye barua mlangoni.

"Samahani, mama. Hii ndiyo ya mwisho."

Barua ya kumi na mbili ilikuwa fupi. Jeshi lilifurahi kutambua kwamba Mtumishi Namba 4417 amejirekebisha. Faili lake la uchelewaji limefungwa na halitafunguliwa tena. Aripoti kazini kesho saa moja na nusu asubuhi, kwenye gari la maji.

"Mimi sijui kuendesha gari," Tindwa alisema.

"Hakuna atakayekuuliza," Koplo alimjibu.

Asubuhi Tindwa alivaa shati la bluu lililopigwa pasi, maana hakuwa na jingine. Mikono ilikuwa mirefu, Bi. Nyamizi akamkunjia. Alitoka saa kumi na mbili na nusu, na kwa habari tulizonazo hajachelewa hata siku moja.

Wiki ile kadi ya "watu" ilirudishwa bohari. Kwenye safu ya hali ya neno, Bi. Nyamizi aliandika, "Limerudi pungufu." Fomu ikapanda ghorofa ya tisa, ikashuka na maelezo ya wino mwekundu kwamba makabidhiano yalikuwa kamili na mtunza bohari asahihishe. Akasahihisha, "Zima."

Halafu akachukua kadi mpya, nyeupe, akaandika juu yake kwa mwandiko wake bora, "Luhende". Aliitia kwenye droo ya chini kabisa, nyuma ya "mara moja", akafunga kwa ufunguo. Mpaka leo kadi imo, tena ni safi. Angetaka kuitoa siku yoyote, lakini nyuma yake hakuna muhuri, na kwa Kanuni ya Saba haitoki, kwa sababu haijawahi kutoka.